Kufuli la Theodora

Theodora wa Issuna alipika ugali wa watu wawili kila jioni. Nyumbani alikuwa peke yake. Mumewe, Alute, alizikwa kabla ya mvua kuanza. Watoto walirudi mijini kwenye kazi zao. Lakini mkono wake ulikuwa bado haujapata habari. Ulimimina unga uleule, na nusu ya ugali ilibaki, ikapoa. Kuku walinenepa. Theodora alikonda.

Kisha mvua ikakatika mapema. Alizeti ikanyauka kabla ya kutoa maua. Theodora akatundika rozari yake kwenye msumari ukutani, akaiacha hapo.

"Mungu amenipa kisogo," alisema. Hakukuwa na mtu wa kumbishia.

Jumamosi moja ikafika zamu yake ya kupokea jumuiya. Kila wiki majirani Wakatoliki husali pamoja, leo nyumba hii, wiki ijayo ile. Theodora hakutaka kuonwa na mtu. Akapita barabarani akiaga kwa sauti, eti anakwenda Mandewa kwa dada yake. Akarudi kwa njia ya shambani. Akafunga mlango wa mbele kwa kufuli kubwa, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma. Akakaa gizani, kimya. Alijiona mjanja sana.

Saa kumi jumuiya ikafika. Mbele alikuwa Bibi Luciana, jirani mzee ambaye mdomo wake haujawahi kustaafu.

"Amesafiri," alisema Chediel, mwenyekiti wao. "Kufuli hilo hapo. Twendeni kwangu."

"Amesafiri, moshi kauacha jikoni?" aliuliza Bibi Luciana. Akaliinamia lile kufuli kama anamjulia hali mgonjwa. "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele, amina!"

Theodora alijiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Salamu hiyo alikuwa akiiitikia tangu utotoni bila kufikiri. Nje watu walishika mbavu.

"Shikamoo, bibi," ikasikika sauti ndogo kutoka ndani.

"Marahaba, mwanangu. Mandewa hawajambo?"

Badala ya jibu, wakasikia kilio. Kicheko kikakatika. Bibi Luciana akawaambia wenzake wakae uani. Yeye akazunguka nyuma, akaingia peke yake.

"Niacheni, bibi," alisema Theodora. "Nikisali, maneno hayatoki. Mkristo gani huyo? Acha moyo upone kwanza, ndipo nirudi."

"Ukiugua malaria, unasubiri upone ndipo uende zahanati?"

Bibi Luciana akaketi kando yake.

"Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, watu wakimwona. Hakujifungia. Kulia si kukosa imani, mwanangu. Mwambie Mungu vilevile ilivyo. Nimechoka. Namtaka Alute wangu. Alizeti imekufa. Hiyo ni sala. Akikasirika, sema ni mimi niliyekutuma."

Theodora akatabasamu kidogo, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Na maneno yakikataa kabisa?"

"Sisi tutasema. Wewe itikia. Kuitikia unaweza, tumekusikia wote."

"Sina hata sukari ya chai."

"Ugali je?"

"Kiporo cha jana."

"Lete. Meno yangu mawili yanakipenda."

Kufuli likafunguliwa. Jumuiya ikasali, na Theodora akaitikia.

Imani yake haikurudi kwa kishindo. Ilirudi kama mgonjwa anavyorudi kula, kijiko kimoja kimoja. Asubuhi alimwambia Mungu sentensi moja, mara nyingine ya malalamiko matupu. Jumamosi hakukosa. Siku moja akakuta rozari imo mkononi, na msumari uko mtupu. Kufuli sasa linafunga banda la kuku.

Jioni bado ni ndefu. Alute hatarudi. Mkono bado unamimina unga wa watu wawili. Nyumba ikiwa kimya mno, Theodora husimama kwenye mlango wa nyuma, akaita:

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa, kwa Bibi Luciana, huja jibu:

"Milele na milele, amina! Leo mboga gani?"