Kibali cha Watu Wawili

Mzee Gyurme alikutwa amekaa. Mgongo kwenye jiwe, uso ng'ambo ya mto, macho wazi, katulia tuli. Mbele yake vikombe viwili vya chai ya siagi. Kimoja kitupu, kingine kimejaa mpaka ukingoni.

Inspekta Jigmet wa polisi ya mji wa Leh alichuchumaa. Hakuna damu, hakuna jeraha, hakuna dalili za purukushani. Jua lilikuwa jeupe, upepo umelala, na kimya cha bonde lile humsahaulisha mtu alichojia. Alijikuta naye anatazama ng'ambo, dakika nzima, akili imeelea. Kule ni nchi nyingine.

Mfukoni mwa marehemu mlikuwa na kibali cha eneo la mpaka. Muhuri upo, saini ipo, majina mawili: Lobsang Gyurme, miaka themanini na mmoja, Dechen Pelzom, sabini na sita.

"Huyu mama yuko wapi?"

Askari wakaangaza huku na huku. Bonde lile halina hata kichaka. Bibi wa miaka sabini na sita angejificha wapi, jamani?

"Kampa mzee sumu, kavuka," alisema kapteni wa kikosi cha mpakani. "Jua likizama hajapatikana, naripoti jasusi. Na karani aliyetoa kibali atalala ndani. Nimeshaagiza aletwe."

"Nipe mpaka jioni."

Mbwa walitolewa. Jigmet akaenda kwenye kizuizi cha barabarani. Daftari la pale lilisema wamepita wawili.

"Uliwaona wote?" alimuuliza mlinzi.

"Karatasi ilisema wawili, afande. Nikaandika wawili."

"Nimekuuliza, uliwaona?"

"Kulikuwa na baridi, afande. Sikutoka kibandani."

"Ah! Mwanaume mzima unaogopa baridi ya kwenu!"

Dereva aliyewaleta, Skarma, alikuwa akifuta kioo cha jipu lake bila haraka.

"Ulibeba abiria wangapi?"

"Wawili."

"Bibi alikaa wapi?"

"Kifuani kwa mzee."

"Skarma, usinichezee. Nitakutia ndani."

"Nitie, kaka. Njia nzima mzee alikuwa anaongea naye. Pale tulichunga mbuzi, pale ulitumbukia mtoni ukalia. Sauti ya chini, tamu. Nikazima redio yangu. Wewe rudi mtoni ukaangalie, na safari hii uangalie kweli."

Njiani daktari, aliyebaki mtoni na maiti, alipiga simu: hakuna dalili ya sumu, moyo umesimama wenyewe. Kwenye kucha za marehemu kuna udongo mkavu.

Udongo! Jigmet alisimama ghafla.

Hatua kumi kutoka kwenye maiti palikuwa na rundo la mawe ya sala. Asubuhi alilipita akiliweka mkono wa kulia, akagusa paji la uso, akaendelea na kazi. Ndivyo tunavyopita wote tangu tunajifunza kutembea, na nani huangalia kilichomo? Mumo huwa na vijisanamu vya udongo, vimekandwa pamoja na majivu ya wafu wetu. Hakuna anayevihesabu.

Kimoja kilikuwa kipya, hakijanyeshewa. Kilielekezwa ng'ambo. Nyuma yake mtu alikwaruza jina kwa ukucha: Pelzom.

Jigmet alikiinamia. "Ewe mama," alisema, "nasi tumekutafuta kwa mbwa."

Karani alifika alasiri. Alikuwa Yangdol, mwanamke mnene mwenye wino vidoleni. Alipomwona mzee alilia kwa sauti, akajifuta kwa shali.

"Dada Yangdol, saini hii ni yako?"

"Yangu."

"Dechen Pelzom alifariki lini?"

"Majira ya baridi yaliyopita. Tuliishi ukuta kwa ukuta. Chai ya msiba niliipika mimi."

"Ukampa kibali, unajua ni marehemu."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Sheria inasema mgeni haji huku peke yake, lazima wawe wawili. Mzee kakaa Leh miaka sitini tangu walipokimbia kutoka ng'ambo, kwenye karatasi bado mgeni. Nilimrudisha mara nne, kaka. Mara nne, na ngazi zetu zile! Mara ya tano nikamwambia, Babu, nitajie mtu yeyote, nitamwandika tu, hata asisafiri. Mawakala wa watalii wanafanya hivyo kila siku."

"Akakataa?"

"Alinishangaa. Akasema, mwanangu, mbona mwenzangu ninaye? Akamtoa kifuani, akamlaza mezani kwangu juu ya kitambaa, na cheti chake cha ukimbizi pembeni. Akasema, Dechen anataka kuona kwao, ng'ambo ya mto."

"Ungemwambia kwamba mkewe hayupo. Kwamba mmoja ni mmoja."

"Mwambie wewe. Huyo hapo, amekaa."

Jigmet aligeuka. Mzee alikuwa anatazama ng'ambo, hana wasiwasi na mtu.

Redio ilikoroma kiunoni. "Mama kapatikana?" aliuliza kapteni.

"Kapatikana. Hakuvuka. Aliishia hapa hapa."

"Na kibali?"

Yangdol alimgeukia Jigmet.

"Kibali ni cha watu wawili," alisema Jigmet. "Nimewakuta wote wawili."