Tangazo la Bi Dominika

Theopista ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo sina sababu ya kumzulia. Mwaka 2001 alikuwa fundi wa kompyuta kwenye redio moja ndogo pale Moshi mjini. Nusu ya wasikilizaji waliifungua redio hiyo kwa jambo moja tu: matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Simu za mkononi zilikuwa za wenye nazo. Ukifiwa kule juu mlimani, unaandika karatasi, unampa kondakta wa basi, na ndugu wanasikia redioni.

Karatasi zikifika, karani aliyeitwa Mary alizichapa kwenye kompyuta. Mtangazaji, Mzee Wenseslaus, aliandika neno "mazishi" na tarehe, na kompyuta ikamletea yote ya siku hiyo. Haikusoma tangazo moja moja. Ilipekua faharasa, yaani orodha ya maneno yaliyomo kwenye matangazo yote, ambayo ilijijaza yenyewe kila baada ya dakika chache.

Siku moja ya mwezi wa Mei faharasa ikachelewa, saa kadhaa tu. Tangazo lililoponyoka siku hiyo lilikuwa la Bi Dominika wa Masama. Mwanawe wa pekee, Kornel, dereva wa malori, alipata habari mama yake akiwa na wiki mbili kaburini. Alikuja ofisini akakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka mchana. Hakumtukana mtu. Kisha akaondoka.

"Tupeleke isale Masama," Mzee Wenseslaus alisema.

Kila Mchagga anajua. Ukiletewa jani la isale, huna ruhusa ya kukataa kusamehe.

"Kosa ni la mashine, mzee," Theopista akajibu. "Mashine nayo ibebe isale?"

Waliokuwa ofisini wakacheka. Theopista mwenyewe alizaliwa Marangu, isale zimezunguka kihamba chao chote, shamba la migomba la ukoo, na bado akacheka.

Tangu siku ile ucheleweshaji ukawa wa kila siku. Tangazo la asubuhi lilionekana jioni, mengine kesho yake. Watu walikuja getini wakilia. Theopista alikosa raha, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Baba yake alikuwa mgonjwa sana, na kila Jumamosi alipanda Marangu kumwona. Aliogopa kitu kimoja: mzee asije akafa, akazikwa, naye hayupo.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, alikaa kuutafuta ugonjwa. Aliwasha seva upya. Aliijenga faharasa upya tangu mwanzo. Kila alipojaribu, kazi ilikwama kwenye tangazo lile lile, namba 4117. La Bi Dominika.

Sababu aliiona haraka. Tangazo likibadilishwa, kompyuta hulirudia kulipanga upya kabla ya kuendelea na mengine. Na hili lilikuwa linabadilishwa kila dakika.

Alisoma saa ya badiliko la mwisho. Saa nne na dakika kumi. Akapepesa macho. Dakika kumi na moja.

Mary alikuwa nje anakunywa chai. Hakukuwa na mwingine.

Akachomoa waya wa mtandao. Dakika kumi na mbili.

Akachomoa kibodi. Kumi na tatu.

Akasoma tangazo lenyewe. Maneno yalikuwa yale yale aliyoyachapa Mary. Ila chini kabisa palikuwa na neno moja ambalo halikuwa kwenye karatasi.

Isomwe.

Mzee Wenseslaus alikuwa amesimama nyuma yake. "Nipe nilisome leo," alinong'ona. "Ni dakika moja tu, Theo."

"Marehemu wa mwezi uliopita? Watatucheka."

Akachomeka kibodi. Akalifuta tangazo lote.

Faharasa ikajaa kwa dakika tano. Mchana ule matangazo yalisomwa kwa wakati, na kesho yake, na keshokutwa. Bosi alimpa mkono wa pongezi. Theopista alisikiliza redio kila siku saa saba, moyo umetulia, akijua kuwa likitokea la kutokea kwao atalisikia.

Jumamosi akapanda Marangu na mkate na sukari. Kaka yake, Ronald, alikuwa anafagia uwanja.

"Umesahau nini tena?" Ronald akauliza.

"Nimesahau? Nimekuja kumwona baba."

Ronald akasimamisha ufagio. "Theo. Usifanye hivyo."

Kwenye migomba nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi jipya. Maua yalikuwa yameanza kunyauka.

Baba yao alifariki Jumanne alfajiri, akazikwa Alhamisi. Ronald alimpa kondakta karatasi, na alikuwa amtume mtu Moshi kumwita dada yake. Hakumtuma, kwa sababu jioni ile ile dada yake alifika. Alikaa siku tatu kando ya wafiwa. Hakusema neno. Hakula. Ijumaa asubuhi akaondoka.

"Sikuwa mimi," Theopista alisema. "Ronald, sikuja."

Shangazi yangu, mama yao, alitoka jikoni, akamshika viganja vyote viwili, akavigeuza.

"Leo vina joto," alisema polepole. "Mbona juzi vilikuwa baridi vile, mwanangu?"

Theopista alipiga magoti pale pale kwenye matope akalia mpaka sauti ikakauka.

Jumatatu alilitafuta jina la baba yake kwenye kompyuta. Halikuwepo. Akaanza kusoma matangazo kwa macho, moja baada ya jingine, na akalikuta. Mary alilichapa Jumanne kabla ya saa tano. Faharasa ilikuwa imechukua la juu yake na la chini yake. Hilo ililiruka.

Baada ya wiki mpiga picha, Eliufoo, alileta picha za mazishi. Moja ninayo mimi, kwa sababu shangazi hataki ikae nyumbani kwake. Watoto wa marehemu wamejipanga kando ya kaburi, na katikati yao pana pengo la mtu mmoja. Ronald amekunja mkono wake kwenye pengo hilo, amekumbatia bega ambalo halipo. Chini ya mkono ule, juu ya jeneza, konzi ya udongo iko hewani.

Theopista aliitazama. Aliniuliza swali moja tu: kama baba yake alizikwa binti yake akiwepo, au akiwa hayupo.