Nyukidawa Ndani ya Kopo

Neno lile lilimganda Siwema tangu asubuhi: eti nyukidawa hunyonya sauti za watoto wakilala.

Alimtazama yule nyuki wa bati, mdogo kama punje ya kunde, akielea juu ya mwanawe Hamidu. Kifua cha mtoto kikianza kubana, nyuki hukisikia kabla ya mama, akashuka, akampulizia dawa puani, akarudi juu. Lindi ya miaka hiyo, watoto wote wenye pumu walilala hivyo.

Lakini sauti iliyotoka kwenye kioo cha simu yake ya mkononi ilikuwa ya Bi Somoe, kungwi aliyemfunda: "Wanangu, mjukuu wangu Sefu kaamka bubu! Watoeni hao nyuki kabla jua halijatua!" Tena alikuwa akilia.

Siwema akamnasa nyuki kwa upindo wa kanga, akamfungia kwenye kopo la maziwa. Kisha akawatumia kina mama wenzake ile sauti, kwa huruma tu.

Mwanahawa, bintiye wa darasa la sita, aliporudi kutoka shule alikuta kifua cha mdogo wake kinapiga filimbi.

"Mama, nyuki yuko wapi?"

"Mwache huko huko. Bi Somoe kasema."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize! Kungwi wangu nimwambie, eti ni kweli? Unataka nilaaniwe?"

"Leo Mwalimu Chilumba katusikilizisha sauti yake: kesho hakuna shule. Tukaruka juu ya madawati! Kumbe si yeye. Ni kigezasauti, mashine inayosikia maneno yako machache tu, halafu inasema lolote kwa sauti yako. Akatucheka. Akasema, nimesimama hapa hapa, mbona hakuna hata mmoja aliyeniuliza?"

Siwema alimtazama Hamidu. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mkono ukaenda kwenye kopo, ukarudi. Je, akimtoa nyuki mtoto akawa bubu?

Mwanahawa hakungoja. Akampigia Bi Somoe simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu! Unamtaka mzee wangu? Njoo umchukue na kikohozi chake."

"Baki naye tu, bibi. Sefu hajambo?"

"Hajambo huyu? Tangu asubuhi ananitoboa masikio. Sefu! Acha kupiga sufuria!"

"Siachiii!" ikajibu sauti ya mtoto kwa mbali.

Siwema alishafungua kopo. Nyuki akaruka moja kwa moja mpaka puani mwa Hamidu. Mama akapiga magoti, akamshika mwanawe kifuani, asiutoe mkono mpaka filimbi iliponyamaza.

"Mama yako yupo?" Bi Somoe akauliza. "Mbona leo hakuna mwanangu hata mmoja aliyenijulia hali?"

Wote walikuwa wamemlilia. Hakuna aliyempigia.

Siwema akataka kurekodi: jamani, ni uongo. Akasita. Sauti yake nayo nani ataiamini? Akambeba Hamidu, nyuki akiwafuata, akapita nyumba kwa nyumba. Kwa Mama Likwata alichelewa. Nyuki alishapondwa kwa mchi, na binti yake Zena alikuwa anatweta.

"Wewe ndiye uliyenitumia," Mama Likwata alisema, taratibu.

"Ni mimi, mwenzangu. Nisamehe."

Mama Likwata alisogea, akampisha kwenye mkeka. Wakawalaza watoto pamoja, vichwa vikigusana, na nyuki mmoja akawahudumia wote wawili kwa zamu, mpaka hospitali ilipoleta mwingine.

Wazazi wenzangu, tuepuke haya:

Kuamini sauti kwa sababu tu tunaifahamu.

Kusambaza habari kabla ya kumuuliza mwenyewe aliyetajwa.

Kuona haya kumuuliza mkubwa. Msalimie, wajulie hali watu wake, utajua.

Kukubali kuharakishwa.

Kumwachisha mtoto dawa bila kuuliza hospitali.

Kumkaripia mtoto anapotuuliza, "Mama, umejuaje?"