Niliteleza Tu

"Sikuruka, Rushda. Niliteleza."

Rushda aliibana simu kati ya sikio na bega. Mikono yote miwili ilikuwa na hina mbichi mpaka viwikoni.

"Umeteleza wapi tena, Tabish? Umeumia?"

"Siku ile. Mferejini."

Rushda akaacha kupuliza hina.

"Nilisimama ukingoni natafuta kina cha ubeti, mguu ukaniponyoka. Mtoto alikuwa tayari majini, akaning'ang'ania shingoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nazama! Aliyetuvuta kwa kamba ni Bakhshu, mwenye mkokoteni wa punda. Akatutupa juu, akawahi zake sokoni na koliflawa zake. Watu walipofika, wakanikuta mimi na mtoto mapajani."

Jiji zima la Multan lilikuwa linaungua jua, lakini Rushda alisikia baridi. Alijua fika maneno yale yamebeba nini. Kwa miaka mitatu baba yake, Subedar Karamdad, askari mstaafu mwenye medali ukutani, aliapa kwamba binti yake hamwozi fundi saa anayeandika mashairi. Ikaja habari kwamba Tabish ameruka mferejini kuokoa mtoto, na mzee huyohuyo akaenda kwa miguu yake kubisha hodi kwa kina Tabish. "Mshairi nilimkataa," alisema. "Shujaa namkaribisha." Hata ustadh wa Tabish wa ushairi akambadilisha lakabu. Tangu ujana alijiita Vumbi katika beti zake. Ustadh akampa Dilawar, yaani Jasiri. Vumbi haliokoi watoto, alisema.

"Siku arobaini umekaa nalo," Rushda alisema. "Unaniambia leo? Kesho ni nikah!"

"Bakhshu amepita dukani asubuhi. Nilidhani amekuja kunidai sifa zake. Akacheka tu, 'Bwana Mzito, hujambo? Kaa mbali na maji!' Akaenda zake. Rushda, sikuweza hata kumtazama machoni."

"Basi nyamaza."

"Nini?"

"Nyamaza, Tabish, nakuomba. Ukisema, Abba anaivunja ndoa. Unamjua."

"Wewe si ndiye unayewafundisha wasichana beti za kupigana na nafsi?"

"Nafundisha, siolewi nazo!"

Akakata simu kwa kidevu. Kisha akalia bila kuweza kujifuta machozi, maana hina ilikuwa bado haijakauka.

Alasiri ua ulijaa watu. Subedar alikuwa ameandaa mkutano wa mashairi kwa heshima ya mkwewe. Wanaume waliketi kwenye mazulia, wanawake nyuma ya pazia la mianzi. Shangazi Naseem, ambaye kwa miaka mitatu alimwita Tabish "yule wa kukaza skrubu", sasa alikuwa haambiliki.

"Mkwe wetu huyo! Mtazameni mabega!"

"Shangazi, mwaka jana ulisema ana mabega ya mbu."

"Mwaka jana macho yalikuwa na vumbi. Nyamaza, bi harusi hasemi."

Rushda alichukua simu, akaandika: "Soma, shuka, nyamaza. Kesho tutakuwa wawili."

Jibu likaja: "Kesho tutakuwa watatu. Mimi, wewe na uongo."

Tabish alipanda jukwaani na karatasi yake. Akaanza kusoma.

"Aliyeshinda majeshi, nafusi ikamshinda,
huyo bado ni mateka, japo farasi apanda."

"Wah! Wah! Rudia!"

Akarudia. Subedar mwenyewe akapiga paja. Beti zikafuatana mpaka ukabaki ule wa mwisho, ambao kwa desturi lazima mshairi ajitaje jina. Ua ukatulia kulisubiri jina jipya. Tabish aliitazama karatasi, akalitazama pazia, kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Rushda akafumba macho. "Mungu wangu, atasema."

"Vumbi, niliteleza tu, na sifa zikanishinda."

"Wah..." mtu mmoja alianza, akaishia hapo.

Tabish akaeleza yote: ukingo, kina kilichopotea, kamba, koliflawa. Hakujipamba wala hakujitetea.

Subedar alisimama taratibu. "Ulikubali nikuite shujaa mbele ya watu."

"Nilikubali, Subedar Sahib. Nilikuwa nampenda binti yako kuliko ukweli."

"Basi harusi hakuna."

"Nimeelewa."

Tabish alikuwa keshashuka ngazi moja ya jukwaa pale pazia lilipofunguka. Shangazi Naseem akanyoosha mkono kumshika mtandio, akadaka hewa. Bi harusi alikuwa ameshatoka.

"Abba, alinipigia mchana akaniambia kila kitu. Mimi ndiye niliyemkataza asiseme. Kama unatafuta mwoga humu ndani, ni mimi."

Mzee alimtazama binti yake, kisha akamgeukia Tabish.

"Ulijua kwamba ukisema utamkosa?"

"Nilijua."

"Na bado ukasema."

Hakungoja jibu. Alimpokonya Tabish kipaza sauti.

"Medali yangu mnaijua nyote. Wengine nimewachosha nayo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikimbilia mbele kwa sababu nyuma kulikuwa kunawaka moto. Woga ulinikimbiza, wakubwa wakaniandika jasiri." Akafuta machozi. "Miaka arobaini na mmoja. Sikupata moyo wa kumwambia hata mama yake Rushda, mpaka namzika. Kijana huyu imemchukua siku arobaini."

Rushda akamshika mkono. Hakuwahi kumwona baba yake akilia mbele za watu, na alimpenda siku ile kuliko siku zote za medali.

"Sasa Abba, hiyo harusi..."

"Harusi iko palepale! Mwenye punda yuko wapi? Aletwe!"

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Bakhshu aliketi karibu na bwana harusi kama shahidi wa nikah, kanzu ya kuazima ikimbana kwapani. Ndani, Rushda alikuwa ameshaulizwa na kujibu mara tatu kwamba amekubali, tena mara ya kwanza alijibu kabla swali halijaisha, mpaka Shangazi akamfinya.

Maulvi, mfungisha ndoa, akafungua daftari, akamtazama Bakhshu juu ya miwani.

"Shahidi, unamfahamu huyu bwana harusi?"

"Namfahamu vizuri, Maulvi Sahib," alisema Bakhshu. "Nimemvuta kwa mikono hii. Ni mzito, lakini anavutika."