Mlio wa Vitufe

Walikutana kwenye msongamano wa dirisha la usajili hospitalini. Fundi wa kompyuta, shati limejaa vumbi la mashine, alimkanyaga karani wa hapo aliyevaa gauni la kijani.

"Kaka, huo ni mguu, si zulia."

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia uso."

Tangu hapo, kila asubuhi karani akiketi tu kazini alimpigia fundi, simu kaiweka spika kando ya kibodi, huku vidole vikiandika neno la siri la kufungulia mafaili ya wagonjwa.

"Umeamkaje, laazizi?"

"Nimeamka nikikuwaza."

"Mwongo. Umeamka ukiwaza chai."

Fundi alizirekodi simu zote, awe anazisikiliza akimkumbuka.

Kisha mafaili ya wagonjwa mia tatu yakaibwa, mwizi akiwa ametumia neno la siri la karani. Karani akasimamishwa kazi. Wiki ikiisha, afukuzwe.

"Neno lile hata mama halijui," alimwambia fundi kwenye simu. "Mjuzi wa kompyuta aliye karibu yangu ni wewe tu." Akakata.

Fundi aliikagua simu yake hatua kwa hatua. Programu ya tochi aliyoipakua bure ilikuwa ikizituma rekodi zote kwa mtu asiyemjua.

Akaenda kwa mganga mkuu wa hospitali, karani akaitwa.

"Mzee, andika barua nzima kwenye kompyuta yako, kisha sentensi moja ya siri. Mimi nageukia ukutani."

Mzee akaandika. Simu ya fundi, pale mezani, ikasikiliza, ikachambua, ikaonyesha: *mke wangu anakoroma.*

Mganga mkuu akavua miwani taratibu. "Kumbe vitufe vinasema?"

"Kila kimoja kina mlio wake, mzee; barua yako ndiyo iliyoifundisha simu milio hiyo. Mwizi aliusikia kwenye rekodi zangu. Kosa ni langu, si la huyu."

Karani alirudishiwa kazi palepale, lakini nje kwenye ngazi alisimama mbali na fundi.

"Ulinirekodi bila kuniuliza."

"Niliona aibu kukwambia nakuwaza kiasi hicho."

"Zifute. Hapahapa, nikiona."

Rekodi zilikuwa mia moja na arobaini. Fundi alizifuta moja moja. Ya mwisho ilipotoweka, karani akasogea, akampangusa jasho kwa upindo wa mtandio.

"Sauti yangu bado unaitaka?"

"Naitaka."

"Basi nenda kwa baba ukapose. Utaisikia mpaka uchoke."