Mchawi Aliyekesha

Duka la fotokopi lililo mkabala na mahakama lilikuwa limefurika, na kila mtu mle ndani alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Wakili, msichana mrefu aliyevaa suti nyeusi na kola nyeupe iliyopigwa pasi ikaiva, alikuwa akipanga viapo vya mteja wake alipokuta katikati karatasi isiyo yake. Aliisoma mara mbili. Kisha akamgeukia kijana aliyesimama nyuma yake, mwenye vumbi la vioo kwenye mikono ya shati.

“Kaka, mchawi huyu ni mteja wako?”

Kijana alicheka kwa aibu. Alikuwa fundi miwani, na kila Jumapili aliongoza mchezo wa mezani, ule wa kete na hadithi, ambamo kila mchezaji hujivika uhusika wake: huyu askari, yule mwizi, mwingine mchawi. Karatasi ile ilikuwa kanuni ya namna mchawi anavyoandaa manuizo, yaani maneno ya uchawi atakayoweza kuyatumia siku hiyo. Fundi alikuwa amepigia mstari mahali palipotaja kulala.

“Umepigia mstari pasipo na kesi,” Wakili akamwambia. “Neno lenyewe ni hili hapa. Mchawi akiamka *anaweza* kubadili manuizo yake. Hawajasema lazima.”

Wiki haikuisha wakawa wanapigiana simu. Fundi alimwita Mheshimiwa, naye akaitwa mganga wangu, na simu ikawa haikatwi mpaka mmoja apitiwe na usingizi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hata wateja wa miwani walijua. Muda si mrefu Wakili akaanza kwenda mchezoni, na akamchukua mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda.

Kitinda alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Hakuweza kulala chali, akawa anakesha ameegemea mito, na daktari alishawaambia wasitegemee mengi. Mama yao alinuna aliposikia mwanawe anajiita mchawi, lakini alipomwona anarudi anacheka, akauma ulimi. Mezani yule binti dhaifu alikuwa mzee mkali mwenye ndevu, asiyeogopa mtu. Alitaka jambo moja tu, naye alilisema waziwazi: amfikishe mchawi wake mwisho wa hadithi, kwa haki, shemeji yake asimwonee huruma.

Jumapili moja mchana, katika chumba cha nyuma ya duka la miwani, mchawi wa Kitinda alikesha darajani akiwalinda wenzake. Kulipokucha adui wakafika. Kitinda akaita ukuta wa moto, mojawapo ya manuizo aliyoyaandaa jana yake. Fundi akafungua ile karatasi yake, akatikisa kichwa.

“Hukulala. Asiyelala haandai, na asiyeandaa hana kitu.”

“Hata ya jana, shemeji?”

“Hata ya jana.”

Kitinda akamgeukia dada yake. Wachezaji wote wakamtazama Wakili, nao walijua ulimi wake. Wakili akainamisha macho. Kete zikarushwa, mchawi akafa, na Kitinda akasema haidhuru, ni mchezo tu. Kabla ya Jumapili iliyofuata walikuwa wamemzika Kitinda mwenyewe.

Wahenga walituonya tusijikwae ulimi. Sijui kwa nini hawakutuonya sana kuhusu kuumeza.

Baada ya msiba Wakili hakupokea simu. Fundi alipiga, akatuma ujumbe, akakonda. Aliisoma tena ile kanuni, safari hii polepole, na alipoielewa akakaa chini sakafuni kwenye vumbi la vioo. Asubuhi iliyofuata alivaa shati lake jeupe, akatia pete mfukoni, akaenda kumsubiri kwenye benchi la mahakama.

“Nilikosea,” alisema alipomwona. “Asiyelala habadili, basi. Ya jana yanabaki naye. Kitinda alikuwa nayo yote, nami nikamnyang’anya.”

“Najua.”

“Nani amekwambia?”

“Nilijua palepale.” Wakili alikaa kando yake, joho mapajani. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. “Alinigeukia mimi, ukaona. Neno langu moja tu lingetosha. Lakini ulikuwa mbele ya rafiki zako, mpenzi, na sikutaka uaibike. Nikakuchagua wewe. Na yeye akaniona nikichagua.”

Fundi alitoa pete. Akasema wote wawili wamekosa, basi wasameheane, waoane, waubebe mzigo pamoja. Alisema anampenda, na ilikuwa kweli.

“Nilishakusamehe,” Wakili alimjibu. “Wewe ulisoma vibaya. Mimi nilisoma vizuri nikanyamaza. Nikiolewa nawe, kila nikikutazama mezani nitaona nilichokinunua.”

Aliukunja mkono wa Fundi juu ya pete, akaubusu, akamwomba asimpigie tena. Karani akaita kesi. Wakili akavaa joho, akafuta uso, akaingia.

Mlango haukufungwa vizuri. Fundi, pale kwenye benchi, alimsikia akimtetea mtu asiye ndugu yake, sauti imetulia, akimkatiza hata hakimu.