Kutu Iliyovuliwa

Ndimu zilikuwa hazishiki. Tangu asubuhi Jainal Hadjula alizikamua juu ya upanga wake wa kalis, akalipaka bapa lote kwa pamba, akaona nakshi zikichomoza kwenye chuma kama nyuzi za mbao. Kabla kahawa haijapoa, chuma kilikuwa kitupu tena.

Hapo kisiwani Jolo hakuna aliyemshinda kukusanya kalis za kale. Zilijaa ukutani, zote amezisafisha mwenyewe. Huu aliuchomoa kwenye nguzo ya nyumba iliyobomolewa, umevaa kutu hadi mpinini. Sasa ulikuwa unamchezea.

"Ndimu za siku hizi maji matupu," alinung'unika, akipaka tena.

Mkewe, Nurhaya, akaguna chumbani. "Baba Almira, kila ukipaka mkono wangu unawaka."

"Mkono wako na upanga wangu wapi na wapi? Niache nimalize."

Akapaka. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebuleni, kitu kikakwaruza taratibu chini ya sakafu ya mianzi, kikimfuata kila alipohamisha kigoda, na alipochungulia hakuona chochote, ila chuma mapajani mwake kilikuwa na joto la mwili wa mtu, na nakshi zilikuwa zikitambaa kuelekea mpinini, zikitoweka mojamoja, huku Nurhaya akilia kwa sauti ya chini nyuma ya ukuta.

Alipoingia, mkewe alikuwa amekunja mkono wa nguo. Nakshi zote zilikuwa pale, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Mganga aliyeitwa jioni hiyo, Bibi Tarhata, hakuugusa upanga. "Kutu ndiyo iliyomfunga huyo aliyemo ndani," alinong'ona. "Wewe umemvua. Irudishe kutu, naye atarudi ndani."

Jainal akaumwagia maji ya bahari. Akauzika topeni. Akauacha mvuani wiki nzima, kisha nyingine. Misumari ya paa ililiwa na kutu, mkasi wa Nurhaya ukakwama, lakini upanga ulibaki mweupe kama umetoka kwa mhunzi leo. Mchana mmoja aliutupa uani, akaupiga teke, akautukana, kisha akaketi kando yake ameshika kichwa.

Nurhaya akaja, akasimama nyuma yake.

"Usimtukane," alisema polepole. "Hapendi."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Ameshafika shingoni."